Glavu Nyeupe za Kina Mama wa Kanisa

Jumapili asubuhi, Renetta Gaskins anampiga mswaki Bwana Lamont Purnell. Hana haraka. Bwana Purnell anapumua kwa mashine, kupitia bomba lililopitishwa kwenye tundu shingoni, na uchafu wa mdomoni ukimteremkia mapafuni ni balaa.

"Fungua zaidi, mzee. Enzi zako za kuimba besi kwenye kwaya yetu mdomo ulikuwa unafunguka kama geti la karakana," anamwambia.

Bwana Purnell, ambaye bomba linamnyima sauti, anamwonyesha kidole gumba. Halafu anamwonyesha kidole kingine, ambacho gazeti hili halitakitaja.

"Huyo mzima," anasema Renetta huku akicheka. "Mgonjwa hasa hana nguvu za kutukana."

Renetta, 57, ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya matunzo magharibi mwa Baltimore, kwenye wodi ya wanaopumua kwa mashine. Mshahara haufiki mwisho wa mwezi bila zamu za ziada, na mgongo umeanza kulalamika. Ukimshauri atafute kazi nyepesi anakutazama kama umemtukania mama.

Mwaka jana wodi yake iliingiliwa na bakteria sugu, wale ambao karibu kila dawa imewashindwa. Wengi waliokutwa nao hawakuumwa. Walikaa nao tu kwenye ngozi. Kwa Bi Dolores Tydings waliteremka mapafuni. Madaktari walibadilisha dawa hadi zikaisha za kubadilisha, na Bi Dolores akafariki.

"Nililia kwenye stoo ya mashuka," anasema Renetta. "Halafu nikatoka nikaendelea na kazi, kwa sababu chumba cha pili kulikuwa na Bwana Purnell, na yeye alikuwa bado hajaguswa."

Muuguzi anayesimamia udhibiti wa maambukizi alifuatilia vyumba vyote vyenye waathirika. Alikuta wafanyakazi wenyewe wakiruka hatua za kunawa, na hilo likarekebishwa. Lakini kulikuwa na njia nyingine ambayo hakuna aliyeitilia shaka.

Kila Jumapili baada ya ibada, kina mama wa kanisa la Renetta walikuja kuwaombea wagonjwa. Walivaa sare nyeupe, viatu vyeupe na glavu nyeupe za kitambaa, kama wanavyovaa wakiwa mlangoni mwa kanisa. Waliwashika wagonjwa mikono, wakawapaka mafuta kwenye paji la uso, kisha wakaenda kitanda kinachofuata. Glavu zilikuwa zilezile, kuanzia chumba cha kwanza hadi cha mwisho.

Uongozi wa nyumba ya matunzo ukawafungia mlango.

Hapo ndipo Bwana Purnell alipoanza kudidimia. Mke alishamtangulia, na mtoto hana; wageni wake walikuwa kina mama hao tu. Alikuwa ameshafikia kukaa mchana kutwa bila mashine, na daktari alikuwa ameanza kuzungumzia kurudi nyumbani. Kina mama walipokoma kuja, akayagomea mazoezi ya kupumua na kugeukia ukuta. Bila mazoezi mapafu hulegea, na kila siku ya ziada kwenye mashine ni nafasi nyingine kwa bakteria.

Renetta akaenda kwa uongozi kuwaombea kina mama. Akapewa sharti moja: wafuate kila kitu, na akikosea mmoja, mlango unafungwa moja kwa moja. Sasa ikabaki kumwambia Mama Ernestine Dashiell, 81, kiongozi wao.

Alimfuata kwenye jiko la kanisa. Ninalijua jiko hilo, na kwa kweli ningeogopa.

"Glavu zangu nazifua mwenyewe, naziloweka kwenye dawa ya kung'arisha, nazipiga pasi," Mama Ernestine alimjibu. "Leo unanisimamia hapa kuniambia mimi mchafu?"

"Mama, zikiingia chumba cha kwanza ni safi kuliko zangu. Shida ni zikitoka."

"Yesu aliwagusa wenye ukoma."

"Aliwagusa, Mama, akawaponya. Sisi tunawasambazia."

Mama Ernestine akampa mgongo. Renetta akaona kuku wabichi kwenye sinia, na pembeni bakuli la saladi ya viazi, ambayo katika kanisa hilo hakuna anayeruhusiwa kuitengeneza isipokuwa yeye.

"Mama, ukishamaliza kushika kuku hao, mkono huohuo unachanganya saladi?"

"Nani? Mimi? Mtu akifanya hivyo jikoni kwangu namtoa nje na mwiko."

"Basi, Mama. Kila kitanda ni kuku mpya."

Mama Ernestine aliisogeza sinia ya kuku mbali na saladi. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama Bi Dolores alikuwa mmoja wa wale aliowashika mikono. Renetta hakumdanganya. "Hatutajua bakteria wale aliwatoa kwa nani, Mama. Sisi pia tulikosea."

Tangu siku hiyo wafanyakazi wanasema hawajapata msimamizi mkali kama Mama Ernestine. Glavu za kitambaa zinabaki kwenye gari. Pete na saa vinavuliwa. Kila chumba wananawa, wanavaa gauni na glavu mpya, na wakitoka vyote vinatupwa. Shemasi mmoja aliyeingia na saa mkononi alirudishwa kwenye korido mbele ya watu. "Shemasi, saa ya nini? Bwana ndiye anayejua wakati," Mama Ernestine alimwambia.

Mchana wa Jumapili hii kina mama wanafika. Bwana Purnell, ambaye amerudia mazoezi tangu waruhusiwe tena, yuko kwenye kiti, mashine imezimwa, bombani kumewekwa kifaa kidogo kinachomrudishia sauti. Vipimo vyake vyote mpaka sasa ni safi, na daktari anasema akiendelea hivi atarudi nyumbani kabla ya Pasaka.

"Ernestine," anasema kwa sauti yenye mikwaruzo. "Umechelewa."

Mama Ernestine anamshika mkono, na machozi yanamtoka. Anainua mkono ajifute, anakumbuka umetoka kumshika mgonjwa, anausimamisha hewani. "Dada Renetta, nisaidie. Mikono yangu saa hizi si yangu." Renetta, aliyesimama mlangoni akiwa ametoka kunawa, anamfuta kwa karatasi laini.

Makanisa mawili ya jirani yamemwalika Renetta awafundishe kina mama wao, naye amekubali. Lakini ukimuuliza anasubiri nini hasa, anamtazama Bwana Purnell.

"Miaka miwili namwogesha, namgeuza, nampiga mswaki, na kila mara kati yetu kuna glavu," anasema. "Nataka siku moja aje kanisani kwa miguu yake. Nimshike mkono nijue una joto gani."