Siku Kumi na Nne za Konsolata

"Mama Jane, hivi kweli utapigana na shemeji yako, na jumuiya mnasali moja?"

Yunisi alimwuliza jirani yake Konsolata hivyo wakiwa wanapalilia mahindi.

Barua iliyomfikia Konsolata ilikuwa ya Kiingereza, kutoka kwa wakili wa mnunuzi wa miti wa Makambako. Shemeji yake, Filemoni, alikuwa ameuza shamba la misindano la pale Kifanya, akauza na kile kipande alichoachiwa Konsolata na mumewe, Mungu amrehemu. Anayetaka "contest", barua ilisema, afanye hivyo kwenye baraza la ardhi ndani ya siku kumi na nne. Jane, binti yake, alifungua kamusi: kupinga, kushindana.

Tangu hapo hakutulia. Alipalilia tuta moja mara mbili, linalofuata akaliruka. Alibandika maharage bila maji. Rozari aliianza vizuri, akaiacha kwenye tendo la pili ili akachungulie kama miti bado imesimama. Miti ile ndiyo ingemsitiri uzeeni. Lakini yeye, mtu wa kupokea Ekaristi kila Jumapili, ataanzaje kushindana na ndugu wa marehemu?

Siku ya tisa alimwendea Mwalimu Tarsis, aliyefundisha Kilatini seminari mpaka akastaafu. Alimkuta anaziba tundu la banda la kuku. Mwalimu alisoma barua, akatabasamu. Alimweleza kuwa neno lile "contest" Waingereza walilipokea kwa Wafaransa, nao Wafaransa wakalirithi kwenye Kilatini, ambako "testis" ni shahidi. Hapo zamani, kufanya hivyo kulikuwa kuita mashahidi ili shauri lianze.

"Mambo ya kushindana yamekuja baadaye, mama," alisema. "Mwanzo wake ni watu kusimama na kusema walichokiona."

Konsolata hakungoja hata chai. Siku ndugu wale wawili walipogawana shamba, mumewe alishika ncha moja ya kamba ya kupimia mpaka, na ya pili alishika Silvesta, kijana wa kazi wa siku zile. Sasa Silvesta alikuwa mtu mzima, mpasua mbao Makambako. Kesho yake alfajiri akapanda basi.

Alimkuta vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye kope. Silvesta alimsikiliza huku akiangalia chini, kisha akasema kwamba Filemoni alishapita pale juzi, na kwamba magogo yale yote anayopasua ni ya mnunuzi huyohuyo.

"Unataka nifukuzwe kazi, dada?"

Konsolata alikwenda hadi kwenye rundo la mabanzi, akarudi, akaenda tena, akikunja na kukunjua ncha ya kitenge. Mwishowe akasimama mbele yake.

"Sikuombi useme shamba ni langu," alisema. "Wala sikuombi umseme Filemoni vibaya. Naomba uje Jumatatu kwenye baraza la ardhi, uwaonyeshe mlipopitisha kamba."