Pavlina Hataki Faida

Pavlina Zheleva alikanda unga katika duka la mikate la Hristofor Bakalov miaka kumi na tisa, na siku aliyofukuzwa hakupewa hata nafasi ya kuvua aproni. Bakalov alimpekua mkoba mbele ya wateja, hakukuta kitu, akasema vilevile: "Jibini langu linapungua kila wiki. Mwizi ni wewe." Sote tuliokuwa kwenye foleni tulinunua mikate yetu tukaenda zetu. Mimi pia.

Baadaye ilijulikana kwamba mwizi alikuwa mpwa wake Bakalov. Bakalov hakumwomba radhi mtu.

Pavlina akakodi chumba kilichokuwa cha fundi viatu, ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na Bakalov. Akawa anauza banitsa tu, ule mkate wa matabaka na jibini ambao hapa kwetu bila huo asubuhi haijaanza. Bei yake, theluthi mbili ya bei ya Bakalov.

"Umerogwa?" dada yake Stoyanka akamuuliza. "Kwa bei hiyo utakula nini?"

"Nitakula pensheni ya marehemu mume wangu. Duka lilipe unga, jibini, umeme na kodi, basi. Likibakiza hata senti, nashusha bei."

"Hiyo si biashara, Pavlina."

"Nani kakwambia ni biashara?"

Alijua kwamba akifikisha vipande mia mbili kwa siku, hasara imekwisha. Mwezi wa kwanza hakufika hata nusu, akauza cherehani kuziba pengo. Wa pili akauza pete ya ndoa. Mwezi wa tano, asubuhi moja ya theluji, dereva wa basi alinunua kipande cha mia mbili na saa nne haijagonga. Pavlina akacheka, kicheko ambacho mimi hakikunipendeza.

Bakalov naye akashusha bei. Lakini yeye alikuwa na wafanyakazi wanne na mkopo wa tanuri jipya. Kila kipande alichouza kilimmega. Kufika Pasaka alikuwa amebaki na mfanyakazi mmoja. Ndipo akavuka barabara, kofia mkononi.

"Mama Pavlina, tupandishe bei wote wawili. Kidogo tu. Tuishi sote."

"Mimi naishi."

"Nilikukosea. Haya, nimesema. Unataka nipige magoti?"

"Sakafu imejaa unga, utachafua suruali."

"Lakini unapata nini wewe? Hupati hata senti!"

"Nakupata wewe." Akamfungia kipande kimoja kwenye karatasi. "Lipa kama wenzako."

Akalipa.

Juni akafunga duka, benki ikalibeba tanuri. Ikambakia nyumba ya ghorofani juu ya duka, naye akawa anasema bei ikipanda ataiweka rehani afungue tena. Wiki hiyohiyo Minka, aliyekanda bega kwa bega na Pavlina miaka yote ile, akaja kuomba kazi. Ikawa haiwezekani, duka lisilobakiza kitu halina mshahara wa mtu wa pili. Minka akaondoka kwenda Uhispania kuchuma matunda, na hakuaga.

Stoyanka akaja juu: "Bakalov amekwisha! Pandisha bei, umrudishe yule mwanamke!"

Pavlina alikuwa akifuta meza. Akainua macho, akatazama madirisha ya ghorofani ng'ambo, ambako Bakalov alikuwa bado anaishi.

"Nyumba yake haijauzwa," akasema, akaendelea kufuta.