Bakuli la Tatu

Harufu ya kiporo cha maharage kikipashwa kwenye makaa inanivuruga mpaka leo. Nikiisikia tu, narudi Katumba, nje ya mji wa Mpanda, miaka ya tisini, kwenye jiko la bibi yangu. Nilimwita Nyogokuru, kwa Kirundi cha wazee wetu waliokimbia kutoka Burundi. Tuliishi wawili tu, yeye na mimi, lakini kila jioni alipakua chakula cha watu watatu. Bakuli la tatu alilifunika kwa sahani, akaliweka karibu na mlango. Asubuhi alinipashia, nikala, nikaenda shule nimeshiba. Nilidhani kila nyumba inapata kiporo hivyo hivyo.

Shuleni nilikuwa moto wa kuotea mbali, hasa kwenye ufahamu. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kuanza na maswali, ndipo tutafute majibu yake tu kwenye habari. "Nyie mnasoma kama mnapigiwa hadithi," alifoka. "Anayetoa chawa haangalii nywele, anaangalia chawa!" Basi nikawa mtoa chawa hodari. Vitabu vilikuwa vichache, dawati zima tulisongamana kwenye kimoja, na wenzangu wakiwa bado wanahangaika na aya ya kwanza, mimi nimeshamaliza, nimekunja mikono.

Siku moja tulipewa habari ya Pili, mtoto aliyepotea mnadani. Nikapata yote. Nilirudi nyumbani mbio, nikamkuta Nyogokuru anapukuchua mahindi, nikaanza kumtambia: gauni la Pili lilikuwa la kijani, mama yake alikuwa ananunua chumvi, na mnada ulikuwa wa ng'ombe.

Akaacha kupukuchua. "Alipatikana?"

"Nani?"

"Huyo mwana."

Jamani! Gauni nalijua, chumvi naijua, mtoto mwenyewe sijui aliishia wapi. "Hilo hatukuulizwa, Nyogokuru."

"Umesoma, halafu hujui kama mwana alipatikana?"

Nilidhani yameisha. Wapi! Tukienda kuchota maji, anauliza. Tukitoka kanisani, anauliza tena, mbele za watu, nikaona aibu. Nilichanganyikiwa kabisa. Mtu mzima, ambaye sijawahi kumwona akitoa chozi, anakosa raha kwa ajili ya mtoto wa kitabuni? Mwishowe nilimwomba mwalimu kitabu, akaniazima huku akinionya kisirudi na doa la mafuta.

Nyogokuru alinawa mikono, akajifunga kitambaa kichwani kama anayekwenda kusali, akakaa mkekani. Nikasoma, safari hii nikiwa na swali moja tu, lile lake. Nikaona mambo ambayo ningeapa hayakuwemo siku ile: mama akizunguka banda kwa banda akiita, mpaka sauti ikamkauka. Na mwisho habari ilisema hivi tu: jioni mama alipika, akapakua sahani tatu, ya baba, yake na ya Pili, kisha akakaa mlangoni.

Nikaruka juu. "Amepatikana! Si unaona, sahani yake ipo!"

Nyogokuru akatikisa kichwa polepole. "Aliyempata mwana wake hakai mlangoni," akasema. Akainuka kwenda kuwasha moto, nami nikabaki nageuza kurasa mbele na nyuma, nikitafuta mistari iliyobaki. Haikuwepo. Kesho yake nilimuuliza mwalimu alipatikana au hakupatikana. Akacheka, akaniambia nijibu niliyoulizwa.

Hapo ndipo nilipoliacha lile swali, nikiwa sielewi kitabu, mwalimu wala bibi yangu.

Miaka mingi baadaye Nyogokuru alifariki. Kwenye matanga, tukiwa tunamenya ndizi, shangazi yangu alitaja jina ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu. Lilikuwa la mdogo wake wa kiume, mtoto wa mwisho wa Nyogokuru. Siku waliyokimbia Burundi, watu walikuwa wengi njiani, wanasukumana, akaponyoka mkononi mwa mama yake. Hakuonekana tena. "Mama hakutaka tumtaje," shangazi alisema, "lakini chakula chake hakuacha kukipakua."

Nilikuwa nimekula chakula cha baba yangu mdogo kila asubuhi ya utoto wangu, nikakimbilia shule kujibu maswali, na sikuwahi kuuliza lile bakuli lilikuwa la nani.