Choo Chetu Kisafi

Choo cha safu yetu ya nyumba pale mtaani Mbotela ni kisafi kuliko nyumba nyingi ninazozijua. Sisi akina mama hukipiga deki kwa zamu, tukakimwagia dawa hadi macho yanawasha, na kila nyumba ina ufunguo wake. Mgeni akija, tunamwonyesha njia kwa majivuno. Sheria ni moja tu: mtoto haingii. Watoto hukosea shimo, husukumiza makaratasi, huziba mabomba. Wao huenda mtaroni, nyuma ya ukuta, na hakuna anayeona ajabu. Hata mimi sikuona.

Nilianza kuona binti yangu alipoingia shule. Midomo ilimpauka, tumbo likamtuna, na mwalimu akalalamika kwamba analala darasani. Shuleni wakagawa dawa ya minyoo. Alitafuna, akachangamka, akaanza hata kunichosha kwa maswali, nami nikamshukuru Mungu. Haikuchukua muda akawa amelaza tena kichwa juu ya dawati. Nikampeleka kliniki.

"Ni safura, mama," muuguzi aliniambia. "Minyoo hii inatoka kwa kinyesi ya watu, inakaa kwa mchanga, halafu inaingilia kwa nyayo. Huyu huvaa viatu?"

"Huvaa!" nilijibu upesi. Hilo nilikuwa na uhakika nalo. Malapa yake nilimnunulia mwenyewe, na kila siku nilimwambia asiyachafue.

Jioni niliwakuta majirani kwenye bomba la maji, nikawaomba watoto waruhusiwe chooni. Walinisikiliza kwa huruma, na huruma yenyewe ndiyo iliyoniudhi. Aliyejibu ni yule mama mzee aliyetuanzishia zamu za usafi.

"Pole sana kwa mtoto, mama. Lakini hii choo tukifungulia watoto, wiki haiishi kabla haijablock. Na ikiblock, nani ataingiza mkono? Si wetu wote wamelelewa na huo mtaro?"

"Wamelelewa na minyoo," nikasema.

"Si dawa iko shule? Tena ya bure!"

Wakacheka kidogo, wakabeba mitungi yao.

Kesho yake nilimfunga binti yangu ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu, nikaenda zangu kiwandani Industrial Area. Niliporudi, mama mzee alinikabidhi ufunguo ule ule. Kamba ilikuwa imekatwa.

"Umeangusha hii, mama," alisema kwa upole. Afadhali angenitukana. Tungegombana, na labda mmoja wetu angeshinda.

Mtoto nilimkuta amekaa kitandani. Alikuwa ametolewa mlangoni mwa choo mbele ya wenzake, akaambiwa aende wanakoenda watoto. Usiku ule nililia kwa hasira. Tangu siku hiyo nikawa nampeleka chooni mwenyewe alfajiri kabla ya kazi, lakini tumbo la mtoto halijui zamu za kiwanda, na midomo haikuacha kupauka.

Juzi dawa ilikuja tena shuleni. Kiwandani hakukuwa na kazi, kwa hiyo nilikuwepo aliporudi mbio.

"Mama, nimetafuna yote! Hadi teacher ameangalia ulimi!"

Kisha akashika tumbo. Nikachukua ufunguo, nikamwambia twende chooni, waseme watakalosema. Akanitazama kana kwamba nimemwambia tukaibe.

"Hapana, Mama. Hiyo ni ya watu wakubwa."

Akatoka. Alipita mlango wa choo bila hata kuutupia jicho, akazunguka ukuta. Nilimfuata na ufunguo mkononi, nikijua kwamba hata nikimburura hadi ndani leo, kesho sitakuwepo.

Ukingoni mwa mtaro kulikuwa na malapa ya watoto wa safu yetu, yamepangwa jozi jozi, na wenyewe wamechuchumaa kule chini. Binti yangu akavua yake, akayapanga mwishoni mwa mstari, kisha akashuka peku kwenye tope jeusi lililomfika vifundoni. Hapo akageuka kunitazama, akitaka nimsifu.

"Unaona, Mama? Siyachafui."