Nilikufa Mchana, Koboko Wakafika Jioni

Kwa watu wa mume wangu, kule Koboko, mke hamwamkii mama mkwe akiwa amesimama. Anapiga magoti, anainamisha uso, anasalimia mpaka habari za mbuzi ziishe, ndipo anainuka. Nimefanya hivyo tangu nilipoolewa kutoka upande wa Kongo, nikiwa msichana mwembamba kama mwiko. Wembamba haukukaa. Krismasi ya mwaka juzi nilishuka salama, nikasalimia vizuri, na nilipotaka kuinuka magoti yakakataa. Nikajaribu tena, yakakataa na kulia kwa sauti. Mashemeji wawili wakanishika makwapa, wakanivuta juu kama gunia la muhogo, huku watoto wa ukoo mzima wakitazama. Mama mkwe alinikazia macho tu, na mimi nikaujaza ukimya wake kwa maneno yangu mwenyewe: mwanangu ameoa tembo.

Tangu hapo sikukanyaga Koboko. Kulikuwa na ubatizo, nikasema nina malaria. Kulikuwa na mavuno, nikasema mzigo wangu wa vitenge umekwama forodhani Vurra. Mume wangu alienda peke yake na sukari na sabuni, akarudi na kuku na swali lilelile: mama anauliza utakuja lini. Mimi nilisikia: anauliza ili nichekwe tena. Na nilimpenda yule mama, ndiyo maana iliniuma. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo, na huyu ndiye aliyenifundisha kusonga enyasa, ule ugali wetu wa muhogo, bila madonge.

Mwaka huu mume akatangaza kwamba mama ametolewa mtoto wa jicho, anafanya misa ya shukrani, na safari hii hakuna cha malaria wala Vurra. Nikawa na wiki chache za kutengeneza magoti.

Binti yangu, anayesomea uuguzi, akanionyesha kwenye simu mwanamke wa yoga. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, mguu mmoja nyuma ya shingo, akitabasamu na kusema, binti akinitafsiria, kwamba tuupende mwili kama ulivyo. Nikamwambia binti kwamba mtu anayeweza kuuweka mguu wake popote anapotaka, kuupenda si kazi. Lakini mwanamke huyo alisema pia kwamba yoga ni mchezo, na kwamba tuicheze ndani ya kazi zetu za kila siku. Hapo akanipata, maana kazi za kila siku ninazo tele.

Nikaanza. Nilipokuwa nadeki nyumba kwa tambara, matako juu kichwa chini, binti akaniambia huo ndio mkao wa mbwa. Kumbe nimefanya yoga tangu utotoni na hakuna aliyenipongeza! Nilisonga enyasa nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, na mwiko ndio ulionizuia nisianguke. Asubuhi niliinua mikono uani kulisalimia jua, na jirani yangu mlokole akaitikia "Amina!" kutoka ng'ambo ya ua, kisha naye akainua yake. Siku moja nilikuwa chumbani kwa miguu minne, nikipandisha na kushusha mgongo kama paka, mume wangu akasimama mlangoni.

"Mama, wewe iko natafuta nini?"

"Magoti," nikamjibu.

Akapiga goti akaniangalizia chini ya kitanda.

Ajabu ni kwamba nilianza kufurahi. Kitambi changu, nikiinama, kilifika chini kabla yangu, nami nikakikaribisha. Niliyaambia mapaja pole na kazi. Mwili ule niliokuwa nauficha ndani ya vitenge vipana ukawa kama rafiki mzito mwenye mzaha. Kuinuka tu ndiko kulikogoma, na siku ya misa ilikuwa inakuja.

Mkao nilioupenda kuliko yote ni ule wa maiti. Unalala chali, mikono kando, viganja juu, hufanyi kitu. Binti alisema ndio mgumu kuliko yote, nikamwambia kwa huo mimi ni profesa. Basi mchana mmoja, jua kali na wateja hakuna, nililala nyuma ya meza yangu sokoni Arua. Nzi wakanisumbua, nikajifunika kitenge kipya toka kichwani mpaka miguuni. Usingizi ukanichukua.

Jirani yangu muuza samaki wa kukausha alikuja kutafuta chenji. Akaniita, sikuitika. Akainua kitenge, akauona uso wangu umetulia, una amani. Amani ile ndiyo iliyoniua, maana pale sokoni hakuna aliyewahi kuniona nayo.

"Wee! Mama ya vitenge amekufa! Mutu amekufa huku!"

Nilipoamka kilio kilikuwa kimeshajaa ngazi zote za soko letu la ghorofa. Nikakaa. Walionizunguka wakakimbia, mmoja akapita juu ya nyanya za watu. Lakini walioondoka mapema kupeleka habari walikuwa wameshafika mbali, na habari ya kifo ina miguu kuliko ya kufufuka. Alasiri, nikiwa nimekaa juu ya kigoda nawapigia watu soga za ahera, redio ya muuza samaki ikasoma matangazo ya vifo, na mimi nikiwemo. Ilinitaja jina, ikamtaja mume wangu, ikamtaja mama mkwe wangu wa Koboko na kumpa pole.

Mume wangu akapiga simu Koboko upesi kusema niko hai. Shemeji aliyepokea akamjibu kwa upole, "Ndiyo, ndugu yangu. Jikaze. Yeye iko hai mbele ya Mungu." Akakata, akazima simu, kwa sababu wapigaji walikuwa wengi.

Jioni pikapu kutoka Koboko ikaingia uani kwetu na waombolezaji, kuni, unga wa muhogo na viti vya plastiki. Akina mama wa kanisa walikuwa wameshatangulia na beseni na sabuni. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na nina hakika baadhi yao walikuja kuijua yangu. Niliwapa chai. Wakanywa wakiniangalia kwa jicho la kudhulumiwa.

Mama mkwe alishushwa garini akilia. Hakumsikiliza mtu. Alifika kizingitini pangu, akajitupa chini kwa magoti, akaanza kutambaa kuingia ndani, yeye mwenye kupigiwa magoti na ukoo mzima. Nikatoka chumbani.

"Mama, mimi huyu."

Akanyamaza. Adabu ni adabu hata kwa marehemu, nami nikapiga magoti mbele yake. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akaubonyezabonyeza.

"Wewe nakufa ama hapana?"

"Hapana, Mama. Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya kufa?"

"Ya magoti, Mama. Nije kwako, nipige magoti muzuri, nisimame peke yangu. Krismasi ile uliona aibu yangu."

Akanipiga kofi begani, la nguvu.

"Mimi naona nini? Macho ilikuwa imekufa! Mimi naona kivuli tu, mukubwa, inashuka, nasema: asante Mungu, mutoto yangu amekuja. Nakaza macho nione sura, sioni. Sasa macho imefunguka, kila gari ya Arua mimi naenda barabarani. Wewe hapana kuja. Sababu ya magoti?"

Nililia kama msiba ulivyostahili, na waombolezaji, waliokuwa wamekosa nafasi, wakaniunga mkono kwa furaha.

Tulipochoka kulia, mama akataka kuinuka, akashindwa. Nikataka kumwinua, nikashindwa. Mashemeji wakaja, makwapa yangu wakiyajua tangu Krismasi ile, lakini mama akawafukuza kwa mkono.

"Wacha. Hiyo ya kulala, nafanya aje?"

Nikamwonyesha. Tukalala chali sebuleni, bega kwa bega, miguu ikielekea mlangoni. Nje mtu akauliza kuni zipelekwe wapi sasa, na mama akajibu akiwa chini kwamba wapike, unga usirudi Koboko.

Nikamwambia mkao huu hufanywa macho yakiwa yamefumbwa.

"Hapana," akasema, shingo ameigeuza kwangu. "Mimi iko naangalia wewe."