Njia ya Kuzunguka Jando

Ugali ulipoa, ukapashwa moto, ukapoa tena. Mamosele aliketi kando ya moto wa samadi, blanketi begani, akitega sikio. Mbwa hawakubweka. Theluji ya Septemba, ya mwisho wa kipupwe cha kusini, ilikuwa ikipiga dirisha, na binti yake Mosele alikuwa ameahidi kurudi kabla ya magharibi.

Mosele alikwenda kuhesabu viota vya mokhotlo, yule kwarara wa upara mwekundu, kwenye genge la juu. Mwaka wa nne huo, na hakuna aliyemlipa. Kazi yenyewe ilitaka asimame palepale pa mwaka jana, saa ileile, aandike alichokiona kwa macho yake tu. Majirani walimcheka: "Ndege asiyeliwa, wa nini?" Naye hujibu, "Nyie mnahesabu mbuzi wa wenzenu, mimi nahesabu wa Mungu."

Tangu mgodi ummeze baba yake, nyumba ilikuwa na watu wawili tu. Usiku huu ilikuwa na mmoja.

Mwaka huu wanaume walijenga jando begani mwa mlima, kwenye njia ya mkato. Mwanamke hapiti pale, wala haulizi. Asubuhi Mamosele ndiye aliyesema, "Zungukia mtoni, mwanangu. Usiniletee aibu." Sasa alitamani kulirudisha neno hilo.

Moto wa jando ulionekana kutoka mlangoni. Walio pale huiona njia yote ya mto. Habari ilikuwa pale, na yeye hana ruhusa hata ya kuita. Akaenda kwa jirani, mzee Tlali, ambaye wote humwita Ntate, yaani baba.

"Ntate Tlali, wewe ulitahiriwa. Nenda ukawaulize."

"Usiku huu? Mama, goti langu lina theluji yake."

"Basi nakwenda mwenyewe."

"Hee! Unataka tufukuzwe wote? Nipe fimbo."

Mamosele akarudi kwake, akafunga mlango, akangoja. Alijaribu kuomba, akajikuta anahesabu magogo ya dari.

Kulipopambazuka alisikia hatua. Za mtu mmoja, na fimbo ikigonga mawe.

"Koko!" Tlali akabisha hodi.

Mamosele hakuliondoa komeo. "Sema hapohapo, Ntate."

"Walimwona jana jioni. Alifika mtoni, maji yamefura, akageuka. Akapanda kwenye pango la wachungaji."

"Hawakumwita?"

"Ni mwanamke, mama."

"Njia ya mkato ilikuwa wazi mbele yake."

"Ilikuwa wazi. Hakuishika."

Mamosele akafumba macho. "Yuko hai?"

"Moshi ulikuwa ukitoka pangoni mpaka usiku wa manane." Tlali akakohoa. "Sasa hautoki. Na wale wa jandoni hawawezi kuwaacha wavulana, mama. Mimi goti limeisha."

Kisha Tlali akasikia sufuria ikifunuliwa, kitambaa kikifungwa.

"Mama, mto haupitiki."

"Sipiti mtoni."

"Kule ni jandoni!"

"Nitainamisha kichwa. Nao wasiniite, si wanajua kunyamaza?"

Komeo likalia, mlango ukafunguka. Mamosele akatoka na ugali kifuani, akashika njia ya mkato.