Vinu Shambani

Juzi niliona vijiti vya kupimia ardhi vyenye utepe mwekundu kwenye shamba la mihogo nyuma ya reli ya Kamina, lile tunalolilima mtaa mzima. Pua yangu ikajaa harufu ya sombe mbichi, yale majani ya mihogo yanayotwangwa.

Mchana mmoja wa utotoni, mama zetu waliweka vinu vyao palepale mpimaji wa ardhi alipotaka kupigilia vijiti, wakaanza kutwanga. Nilidhani ni sikukuu, ila nilishangaa hakuna aliyeimba.

"Mama, toka!" mpimaji alifoka, nyundo juu. "Patron, tajiri wangu, amekwisha kununua shamba hili."

"Kwa nani?" mama akauliza, akiendelea kutwanga. "Hii bulongo, hii ardhi, iko ya shiye bote, mtaa mzima."

Nyundo ikarudi mfukoni. Nikapiga makofi.

Mikono ya mama ilikuwa ikitetemeka, nilidhani amechoka. Asubuhi hii nimebeba kinu chake hadi shambani, na mikono yangu inatetemeka vilevile.